Singe, Kisu cha Kazi au Panga: Uchukue Kipi?

Anayetafuta kisu kimoja cha kwenda nacho porini, cha kukaa kwenye gari au cha kazi za nje ya nyumba, hachelewi kukutana na singe, kile kisu cha jeshi kinachovikwa mdomoni mwa bunduki. Inavutia, hilo halina ubishi. Imetoka jeshini, ina msumeno mgongoni, ina tundu la kukatia waya, ala yake ni nzito, na ukiishika unajiona unaweza kuvuka msitu mzima. Lakini swali la mnunuzi ni dogo kuliko hapo: ikifika kazini, inakishinda kisu kipi na inashindwa na kipi?

Naweka msimamo wangu mapema ili usome ukijua naelekea wapi. Singe ilitengenezwa kuiridhisha bunduki kwanza, mkono wa mtu ukafuata. Karibu kila kero utakayoikuta ndani yake inatoka hapo. Zipo kazi mbili tatu inazozifanya vizuri kuliko kisu cha kawaida, na kama kazi zako ni hizo, ichukue bila kusita. Kama si hizo, utakuwa unabeba mzigo wa bure kiunoni.

Upande wa singe nimechukua mbili ambazo mnunuzi wa kawaida hukutana nazo zaidi. Ya kwanza ni ile fupi ya bunduki ya AKM, ya Kisovieti, iliyoanza kutolewa mwishoni mwa miaka ya 1950, yenye bapa la sentimita 15 hivi. Ya pili ni M9 ya Marekani ya miaka ya 1980, yenye bapa la karibu sentimita 18. Upande wa pili kipo Ka-Bar, kisu cha vita ambacho wanamaji wa Marekani walikipokea mwaka 1942 na ambacho hakivikwi bunduki. Kipo Glock 78, kisu cha jeshi la Austria. Kipo kisu kidogo cha Mora kutoka Uswidi, chenye bapa la sentimita 10 hivi. Na lipo panga, ambalo halihitaji kutambulishwa kwa mtu.

Bunduki ndiyo iliyoichonga

Zamani bunduki ilipiga risasi moja, kisha askari akahangaika kuijaza upya huku adui anamkimbilia. Singe iliigeuza bunduki hiyo kuwa mkuki, ndiyo maana urefu ulikuwa kila kitu. Singe ya Waingereza ya mwaka 1907, iliyotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na bapa la sentimita 43. Huo ni upanga, na kumenyea kiazi kwa kitu hicho ni adhabu. Vita Kuu ya Pili ilipofika, Waingereza wakaenda upande mwingine kabisa: bunduki yao ya No. 4 ikapewa singe ya msumari mtupu, sentimita 20, isiyo na makali upande wowote. Kuchoma ilichoma. Kamba haikukata.

Mabadiliko yalikuja wabunifu walipokubali jambo ambalo askari walikuwa wanalijua siku nyingi, kwamba singe hufungua masanduku, hukata kamba, huchimba na kuchanja vijiti mara nyingi mno kabla haijamgusa adui, kama itamgusa. Singe ya AKM ilitoka kwenye fikra hiyo. Bapa likafupishwa, likawekewa msumeno, ala ikageuzwa kuwa nusu ya mkasi wa waya. Wamarekani wakaifuata njia hiyohiyo kwenye M9. Mwaka 2010 jeshi la nchi kavu la Marekani liliondoa mazoezi ya kushambulia kwa singe kwenye mafunzo ya awali ya askari wake, ingawa singe yenyewe ilibaki ghalani.

Kwa hiyo unapoishika singe ya kisasa unashika maridhiano. Tazama pete iliyo juu ya kikingio cha mkono. Pete hiyo huvikwa kwenye mdomo wa mtutu, na kwa bunduki ni lazima iwepo. Kwa mkono wako inakaa mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu hapo ndipo kidole gumba kinapotaka kupumzika unapochonga kitu kwa umakini. Ukichukua kijiti cha unene wa kidole na kujaribu kukitoa ganda ukiwa na singe ya AKM, utaona mkono unalazimika kurudi nyuma ya kikingio, kisha kati ya ngumi yako na mwanzo wa makali kunabaki nafasi ya kutosha kupoteza nguvu na uelekeo. Ncha inayumba. Kijiti kinachongeka, lakini kwa vipande vikubwa visivyo sawa. Kisu cha Mora hakina kikingio kikubwa wala pete. Makali yanaanza karibu na kidole, na ganda linatoka kama utepe.

Mwisho wa mpini nao una kasoro yake. Humo ndimo kinapokaa kibanio cha kuishikia bunduki, chenye springi na vitufe. Mchanga ukiingia, vinakwama. Ukipigia msumari au kigingi cha hema, unaviharibu. Ka-Bar ina kipande cha chuma kizima hapo mwisho, na ukikigonga hakina cha kukasirika.

Kukata, ambako ndiko kisu kinakopimwa

Watu wengi hudhani kisu kinene ni kisu bora. Unene hukifanya kigumu kuvunjika, hilo ni kweli, lakini kukata hutegemea zaidi jinsi chuma kinavyokonda kuelekea kwenye makali. M9 ina unene wa milimita 6 hivi mgongoni. Ukiishusha kwenye karoti, makali yanaingia vizuri kwa robo ya safari, halafu mabega ya bapa yanafika na karoti inapasuka kwa kishindo kabla haijakatwa. Hilo si suala la kunoa. Unaweza kuinoa mpaka inyoe nywele za mkono na bado karoti itapasuka, kwa sababu kabari haiachi kuwa kabari.

Mora, yenye milimita mbili au mbili na nusu tu, inapita. Ka-Bar iko katikati: ina milimita 4 hivi, na bapa lake limekondeshwa vya kutosha kukata nyama, kamba na mkate bila kulalamika. Glock 78 nayo ni nene, milimita 5, na makali yake ni ya pembe butu kidogo, hivyo jikoni haina maajabu. Singe ya AKM ni nyembamba kuliko M9 na inakata vizuri zaidi yake, lakini makali yake yanahesabika sentimita chache tu, maana ncha imechukuliwa na tundu la waya na mgongo umechukuliwa na msumeno.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitangazi. Singe nyingi za mtumba hutoka ghalani zikiwa butu, au zimenolewa nusu tu ya bapa. Si udanganyifu, ndivyo jeshi lilivyozitaka: singe ya gwaride haihitaji makali. Kuipa makali ya kazi kwa mara ya kwanza ni shughuli ya jioni nzima na tupa nzuri kabla hujafika kwenye kinoo. Mora unalilaza bapa kwenye kinoo kwa upande wake uliochongwa na pembe inajipata yenyewe. Hata aliyeanza jana anaweza.

Kama kazi yako ni chakula, kamba, kuchonga na kuchuna mnyama, mjadala ungeweza kuishia hapa na ushindi ungekuwa wa kisu kidogo. Hata Ka-Bar kwa kuchuna ni kubwa mno.

Kufyeka na kupasua kuni

Hapa panga halina mshindani, na sioni haja ya kupoteza maneno. Bapa refu, jembamba, uzito uko mbele. Unalirusha nalo linafanya kazi. Singe ni fupi mno kufyekea na uzito wake umerundikana mpinini, hivyo kila pigo linachosha kiganja na kulegeza mashine ndogo zilizomo mwisho wa mpini.

Kupasua ukuni kwa kuweka bapa juu yake na kugonga mgongo kwa gongo ni suala tofauti kidogo, maana hapo unene unasaidia. Unene wa M9 ungetakiwa uishindishe. Tatizo liko ndani. Msuka wake, yaani chuma kinachoingia kwenye mpini, haupiti mzima hadi mwisho. Umeunganishwa na fimbo yenye nyuzi inayokazwa kwa skrubu upande wa chini. Muundo huo unarahisisha kuifungua na kuitengeneza, lakini ukiigonga kwa pembe, mzigo wote unakusanyika kwenye kiungo hicho. Ukuni wa unene wa kifundo cha mkono, sawa. Gogo lenye kifundo, acha. Tena ukigonga mgongo wenye msumeno, gongo lako linaliwa na meno badala ya kusukuma bapa.

Ka-Bar nayo ina msuka mwembamba, lakini ni kipande kimoja na bapa, na imebeba mateso ya miongo mingi. Mora ya kawaida hupasua vijiti vya kuwashia moto na hapo ndipo mpaka wake. Jipatie panga kwa kuni, kwa kweli.

Waya: kazi ambayo singe haina mpinzani

Sasa niisifu. Chomoa singe ya AKM, igeuze, ulivike tundu la bapa kwenye kijiti cha chuma kilicho mwishoni mwa ala. Singe na ala vinakuwa mkasi wenye mikono miwili mirefu. Weka waya kati ya bapa na ukingo wa ala, bana kwa mikono yote miwili, na waya wa seng'enge unakatika kwa mlio mmoja mkavu. Hakuna kisu kingine kwenye orodha hii kinachoweza kufanya hivyo bila kuharibika. M9 imechukua wazo hilohilo na inalifanya vizuri vilevile.

Mtu anayekarabati uzio kila wiki, au anayepita maeneo ambako wanyama hunaswa na mitego ya waya, ana sababu halisi ya kubeba singe. Ingawa hata yeye akiniuliza, ningemwuliza kwanza kama koleo lisingemtosha; koleo zuri ni jepesi kuliko singe na ala yake, linakata kwa mkono mmoja na linakaza nati pia.

Kuhusu umeme, niwe mkali kidogo. Mpini wa singe ya AKM ni wa plastiki ngumu na ala yake ya chuma ilifunikwa kwa mpira, vyote kwa lengo la kumkinga askari anayekata waya wenye umeme. Lengo lilikuwa jema. Lakini mpira uliokaa ghalani miaka 50 una nyufa ambazo huzioni, na plastiki iliyopasuka karibu na skrubu haikingi kitu. Usiguse nayo nyaya zenye umeme, hata kama muuzaji anakuapia.

Msumeno wa mgongoni ni hadithi tofauti, na hapa wengi hudanganyika. Msumeno wa seremala meno yake yamepindwa, moja kulia moja kushoto, ili njia iwe pana kuliko chuma chenyewe. Meno ya singe yamechongwa moja kwa moja kwenye mgongo mnene, hayakupindwa. Kwenye mti yanakwangua, yanaingia sentimita moja au mbili, kisha chuma kinabanwa na hakisogei mbele wala nyuma. Kwenye bati jembamba, plastiki au bomba la alumini yanafanya kazi inayokubalika, na ndizo kazi zinazoyafaa. Wajerumani walikuwa na singe zenye misumeno ya kweli kwa askari wao wa ujenzi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1917 walikuwa wanaziondoa uwanjani. Ukitaka kukata tawi, nunua msumeno wa kukunja. Ni mwepesi na unamaliza tawi la unene wa mkono wakati singe bado inatafuta pa kuanzia.

Kubomolea, kuchimbia, kutendea ukatili

Hii ndiyo kazi ya tatu ya singe, nayo haitajwi sana kwa kuwa haipendezi. Kufungua kreti, kuinua kifuniko kilichoganda, kuchimba shimo dogo la moto, kuzungusha kitu kilichokwama. Chuma cha singe kwa kawaida huachwa laini kidogo kuliko cha kisu kizuri cha kukatia, ili kipinde kabla ya kuvunjika. Makali hayakai muda mrefu, lakini chuma kinasamehe.

Hata hivyo, hapa ndipo Glock 78 inapoifunika. Bapa la sentimita 16.5, feleji ya kiwango cha springi, mpini wa plastiki usio na cha kulegea, na ala nyepesi ya plastiki. Uzito wake wote ni gramu 200 na kidogo, karibu nusu ya M9, ambayo hata bila ala inafika gramu 400 hivi. Mpini una uwazi chini ya kifuniko, uliowekwa ili kisu kiweze kuvikwa bunduki ikibidi. Lakini waliokibuni walianza na kisu, bunduki ikaja baadaye, na unaisikia tofauti mkononi. Hakuna pete inayokuzuia kidole. Si kisu kizuri cha kuchongea, hilo nimeshalisema, ila kama unatafuta chuma cha kijeshi cha kutesea, hiki ndicho ningekuelekeza.

Wanamaji wa Marekani wenyewe wamefika mahali karibu na hapo. Singe waliyoichukua mwaka 2003, OKC-3S, ina bapa la sentimita 20 lenye umbo linalokaribia la Ka-Bar, na sehemu yenye meno madogo karibu na mpini, ya kukatia kamba na mikanda. Msumeno wa mgongoni umeachwa.

Kinyume chake ni singe ya bunduki ya SA80 ya Waingereza. Mpini wake ni bomba linalovikwa juu ya mdomo wa mtutu, kwa hiyo ukiushika kama kisu unashika bomba, na bapa limekaa pembeni ya mstari wa ngumi. Wabunifu waliihurumia ala kuliko mpini: ndani ya ala kuna msumeno na kinoo. Kwa mkusanyaji ni kitu kizuri. Kwa anayetaka kukata nyanya, hapana.

Kuibeba, na sheria

Uzito nimeugusia. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba singe na ala yake hugonga paja, hukwama kwenye mkanda wa kiti cha gari, na mtu anapochoka nayo anaiacha kambini. Kisu kilichoachwa kambini hakikati chochote.

Sheria hutofautiana, na ni juu yako kuisoma ya mahali ulipo kabla ya kununua. Mifano miwili inaonyesha uzito wa suala. Ujerumani, kubeba hadharani bila sababu inayokubalika kisu kisichokunjwa chenye bapa linalozidi sentimita 12 ni kosa. Singe zote mbili zinanaswa hapo, Ka-Bar na Glock pia, Mora inapita. Uingereza, kisu chochote kisichokunjwa kinahitaji sababu ya msingi, na jaribu kufikiri jinsi utakavyomweleza polisi kwamba singe ya vita ni ya kukatia sandwichi. Mwonekano wa kijeshi unabadilisha mazungumzo kabla hujafungua mdomo. Zipo pia nchi zinazoihesabu singe kuwa silaha moja kwa moja, hasa yenye makali pande mbili.

Ukishaamua kuichukua

Kwa anayetaka kisu kimoja cha kweli na bajeti ndogo, ningesema Mora, na panga zikiwepo kuni. Kwa anayetaka kimoja tu kikubwa cha kufanya kila kitu kwa wastani, Ka-Bar. Kwa mateso, Glock 78. Singe naiachia mtu wa uzio, mtu wa makumbusho yake ya nyumbani, na yule anayeipenda tu, ambaye hahitaji ruhusa yangu. Kati ya singe mbili, mimi ningechukua ya AKM: ni ndogo, inakata vizuri zaidi, na mkasi wake wa waya haupungui kitu mbele ya ule wa M9.

Mtu huyo akague hivi. Shika bapa kwa kitambaa na mpini kwa mkono mwingine, sukuma huku na huku. Likicheza hata kidogo, rudisha, hasa kama ni M9. Bonyeza kibanio cha mpini mara kadhaa usikilize springi inarudi kwa nguvu au inajikokota. Tazama namba iliyochapwa kwenye singe na kwenye ala. Zikilingana, jozi imekaa pamoja tangu jeshini, na mkusanyaji atailipia zaidi. Pitisha kucha kwenye mpini wa plastiki ya kahawia kutafuta ufa karibu na skrubu. Jihadhari na M9 za kuigiza, zinazong'aa mno na zenye chuma laini; dalili ya haraka ni tundu la bapa lisilokaa sawasawa kwenye kijiti cha ala. Hivyo nenda na kipande cha seng'enge mfukoni, unganisha singe na ala mbele ya muuzaji, ukate. Ikiacha waya umepindika badala ya kukatika, hiyo kazi moja uliyoitakia haipo.